Mji Mpya wa Kigamboni

Mji Mpya wa Kigamboni ni mpango wa serikali ya Tanzania uliokusudia kujenga mji wa kisasa upande wa kusini wa mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Mpango ulipoanza, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke. Leo ni Wilaya ya Kigamboni. Serikali ilitangaza sehemu ya Kigamboni kuwa eneo maalumu la mipango miji mnamo Oktoba 2008, kisha ikaanzisha wakala wa kuliendeleza. Mji uliochorwa katika mpango huo haukujengwa, na baadaye wakala ulivunjwa.

Kigamboni ni mfano unaofaa kwa anayetaka kuelewa jinsi eneo lenye utawala maalumu wa ardhi linavyoundwa nchini Tanzania, masharti gani yanapaswa kutimizwa, na nini hutokea pale ambapo ardhi moja inakuwa na vyombo viwili vinavyodai mamlaka ya kuipanga.

Eneo

Kigamboni inatazamana na katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kati yao kuna mkondo wa bahari unaoingia bandarini. Kwa miaka mingi wakazi walivuka kwa pantoni kutoka Magogoni, au walizunguka kwa barabara kupitia Mbagala na Kongowe. Kwa sababu hiyo Kigamboni ilibaki na sura ya shamba hata pale sehemu nyingine za Temeke, kama vile Tandika, Keko na Mtoni, zilipokuwa zimejaa nyumba. Ng'ambo hiyo ilikuwa na minazi, mikorosho, vijiji vya wavuvi na fukwe ndefu za Bahari ya Hindi.

Hata hivyo eneo halikuwa tupu. Hapo ndipo linapoanzia bomba la mafuta la TAZAMA linalofika Ndola nchini Zambia. Chuo cha Kivukoni, kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kipo Kigamboni. Gezaulole, kijiji cha ujamaa cha miaka ya 1970, kilijengwa karibu na makazi ya kale ya Mbwamaji; jina lake ni la Kizaramo na maana yake ni "jaribu uone".

Kuanzia mwaka 2002 mradi wa serikali wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam ulipima viwanja katika maeneo ya Kibada, Gezaulole na Mwongozo. Hivyo mpango wa mji mpya ulipotangazwa, Kigamboni ilikuwa na makundi matatu ya watu wenye ardhi: wenyeji waliorithi mashamba, walionunua vipande vya mashamba kwa hati za mauziano zilizoshuhudiwa na viongozi wa mtaa, na waliomilikishwa viwanja vilivyopimwa na serikali yenyewe.

Asili ya mpango

Dar es Salaam imewahi kuwa na mipango kabambe ya mwaka 1949, 1968 na 1979. Baada ya huo wa mwisho jiji lilikua kwa kasi bila mpango mpya, na sehemu kubwa ya wakazi wake wakajenga katika makazi yasiyopimwa. Ofisi, benki na masoko makubwa yalibaki yamebanana katikati ya jiji, na foleni za magari zikawa jambo la kila siku.

Hoja ya serikali kuhusu Kigamboni ilikuwa kwamba ng'ambo ya bandari kulikuwa na ardhi kubwa isiyojengwa sana, iliyo karibu na katikati ya jiji kuliko Bunju au Gongo la Mboto. Kama eneo hilo lingeachwa lijijenge lenyewe, lingekuwa kama maeneo mengine yasiyopangwa, na gharama ya kupitisha barabara na mabomba baadaye ingekuwa kubwa zaidi. Hoja hiyo haikuwa na wapinzani wengi. Mabishano yalihusu nani apange, kwa utaratibu gani, na wenye ardhi wangebaki na nini.

Masharti ya kisheria

Mamlaka ya upangaji

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya sheria ya mipango miji na vijiji iliyorithiwa tangu wakati wa ukoloni. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mamlaka ya upangaji katika eneo la mji ni serikali ya mtaa ya mji huo, yaani halmashauri ya jiji, manispaa au mji, au mamlaka ya mji mdogo. Waziri mwenye dhamana ya ardhi husimamia sera, hutangaza maeneo na kuidhinisha mipango. Kwa Kigamboni ya mwaka 2008, mamlaka hiyo ilikuwa Halmashauri ya Manispaa ya Temeke, iliyoanza mwaka 2000 pamoja na manispaa za Ilala na Kinondoni.

Sheria za serikali za mitaa zina uzito wa kikatiba. Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano zinataka kuwepo vyombo vya serikali za mitaa, na zinataja lengo lake kuwa kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kutangaza eneo la mipango

Ardhi huwa eneo la mipango pale Waziri anapotoa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo mapendekezo hutarajiwa kupita katika mamlaka ya upangaji, na wananchi wanaohusika hujulishwa ili watoe maoni. Amri inapaswa kuonyesha mipaka ya eneo, kwa sababu ndani ya mipaka hiyo haki za kujenga hubadilika: mtu hawezi kuendeleza ardhi yake bila idhini ya kupanga, hata kama ni mmiliki halali.

Tangazo halihamishi umiliki. Mwenye shamba hubaki kuwa mwenye shamba. Kinachobadilika ni matumizi ambayo ardhi hiyo inaweza kuruhusiwa.

Kuandaa mpango

Baada ya eneo kutangazwa, huandaliwa mpango wa jumla unaoonyesha barabara kuu, maeneo ya makazi, biashara, viwanda, shule, hospitali, makaburi na maeneo ya wazi. Hatua zake za kawaida ni hizi:

1. Baraza la madiwani hupitisha azimio la kukusudia kupanga eneo.
2. Wenye ardhi, taasisi na vikundi vya wananchi huitwa kwenye mikutano ya kutoa maoni.
3. Wataalamu hukusanya takwimu za watu, majengo, udongo, maji na miundombinu, kisha huchora rasimu.
4. Rasimu huwekwa wazi ili watu waikague na kuleta pingamizi.
5. Rasimu iliyorekebishwa hupelekwa kwa Waziri kuidhinishwa, na kutangazwa.

Mpango wa jumla hufuatwa na mipango ya kina, ambayo huonyesha kiwanja kimoja kimoja. Ni katika ngazi hii mkazi hujua kama nyumba yake imebaki, imekatwa upande mmoja, au imeangukia katikati ya barabara.

Ardhi na fidia

Kama serikali inahitaji kuichukua ardhi yenyewe, sheria nyingine hutumika. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Katiba, katika ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinaeleza mambo yanayohesabiwa:

- thamani ya soko ya ardhi pamoja na vilivyomo, kama vile nyumba na mazao;
- posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani ya ardhi kwa kiwango cha wastani cha riba ya benki za biashara kwa amana za miezi 12;
- posho ya usafiri, kwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 umbali usiozidi kilomita 20;
- posho ya makazi, sawa na pango la nyumba la miezi 36;
- hasara ya faida ya biashara, inayohesabiwa pia kwa miezi 36.

Kwa hiyo kutangaza eneo la mipango na kutwaa ardhi ni mambo mawili. Tangazo pekee halimpi mtu fidia, ingawa linaweza kumzuia kujenga. Tofauti hii ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya Kigamboni.

Kuunda wakala

Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997 inamruhusu Waziri kuanzisha wakala ndani ya wizara ili kutoa huduma fulani kwa mfumo wa kibiashara zaidi kuliko idara ya kawaida. Wakala huwa na mtendaji mkuu anayewajibika wizarani. Hauna madiwani, na viongozi wake hawapigiwi kura na wakazi wa eneo.

Tangazo la mwaka 2008

Mnamo Oktoba 2008, John Chiligati akiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, serikali ilitangaza eneo la mipango la Kigamboni. Lilihusu kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na Kibada pamoja na sehemu ya kata ya Somangila, lenye ukubwa wa hekta 6,494. Pamoja na tangazo hilo uendelezaji mpya ulizuiwa kwa miaka miwili ili kutoa nafasi ya kuandaa mpango kabambe.

Zuio la muda lina sababu yake katika taaluma ya mipango miji. Watu wakisikia kwamba mji unakuja, wengine hukimbilia kujenga ili waongeze fidia, na madalali hununua ardhi kwa bei ya chini wakitarajia kuiuza ghali. Lakini zuio hilo hilo humfunga pia mkazi asiye na nia yoyote ya biashara. Mwenye msingi uliokwishamwagwa zege hawezi kupandisha ukuta, na familia iliyoongezeka haiwezi kuongeza chumba. Anayetaka kuuza kipande cha shamba ili kulipa ada ya shule au matibabu hapati mnunuzi, au humpata anayetaka bei ya kutupa. Benki nazo husita kupokea dhamana ya ardhi ambayo matumizi yake hayajulikani.

Miaka miwili ilipita bila mpango kutekelezwa. Hata baada ya muda wa zuio kwisha, watu waliendelea kukosa uhakika kama ujenzi wao ungetambuliwa.

Wakala wa Uendelezaji

Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi kuanzia mwaka 2010 hadi 2014, aliupa mpango msukumo mpya. Katika kipindi chake eneo la mpango lilipanuliwa kuelekea kusini na kufikia hekta 50,934, likihusisha pia kata za pwani ya kusini kama Kimbiji na Pemba Mnazi. Ulianzishwa Wakala wa Uendelezaji wa Mji Mpya Kigamboni, uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza, KDA.

Kazi ya wakala ilikuwa kusimamia utekelezaji wa mpango, kudhibiti uendelezaji ndani ya mipaka yake na kutafuta wawekezaji. Kimantiki, mji wa ukubwa huo ungehitaji fedha na wataalamu kuliko manispaa moja iliyokuwa tayari ikihudumia wakazi wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,368,881 katika Wilaya ya Temeke nzima, na sehemu kubwa yao waliishi katika makazi yenye msongamano upande wa pili wa mkondo.

Mabishano

Upinzani dhidi ya utaratibu huo ulijikita katika mambo matatu.

La kwanza ni mamlaka. Wapinzani walisema sheria ya mwaka 2007 imekwishaitaja halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, hivyo wakala wa wizara haukuweza kuchukua nafasi ya Manispaa ya Temeke. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni kuanzia mwaka 2010 hadi alipofariki Novemba 2024, alikuwa miongoni mwa waliopinga waziwazi jinsi mradi ulivyoendeshwa.

La pili ni mgawanyo wa huduma. Halmashauri iliendelea kubeba shule za msingi na sekondari, zahanati, uzoaji taka na barabara za mitaa, wakati maamuzi kuhusu ardhi, ambayo ndiyo huamua shule na zahanati zijengwe wapi, yalikuwa kwingine. Mkazi aliyetaka kibali cha ujenzi hakujua aende kwa ofisa wa manispaa au kwa wakala. Diwani aliulizwa maswali na wapiga kura wake kuhusu mambo ambayo baraza lake halikuyaamua.

La tatu ni hatima ya wenyeji. Serikali ilieleza kwamba wakazi wangenufaika na mji mpya na kwamba si lazima wote waondoke. Wakazi wengi walitaka kujua kwa maandishi nani angebaki, kwa masharti gani, na thamani ya ardhi ingehesabiwa kwa bei ya shamba la leo au ya kiwanja cha mjini cha kesho. Tofauti kati ya bei hizo mbili ilikuwa ndiyo faida yote ya mradi.

Mabadiliko baada ya mwaka 2015

William Lukuvi aliteuliwa kuwa Waziri wa Ardhi mwezi Januari 2015. Katika kipindi chake mpango ulirudishwa katika hekta 6,494 za mwanzo, na msisitizo ukahama kutoka kuwahamisha wakazi kwenda kuwaacha waendeleze maeneo yao kwa kufuata mpango.

Wakati huohuo utawala wa eneo ulibadilika. Temeke iligawanywa, na Kigamboni ikawa wilaya na manispaa inayojitegemea katika miaka ya 2015 na 2016, kipindi ambacho Ubungo nayo ilitengwa na Kinondoni. Mnamo 19 Aprili 2016 Rais John Magufuli alifungua Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, linalounganisha Kurasini na Kigamboni. Daraja hilo lilijengwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa kushirikiana na serikali. Liliondoa kikwazo kilichoifanya Kigamboni ionekane mbali, na ujenzi wa nyumba uliongezeka bila kungoja mji mpya.

Baadaye wakala ulivunjwa, na kazi ya kupanga ardhi ikabaki kwa Halmashauri ya Manispaa ya Kigamboni chini ya usimamizi wa wizara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 317,902 katika wilaya hiyo.

Njia mbili za kuunda mamlaka

Historia ya Kigamboni inaweka bega kwa bega njia mbili zilizotumika katika ardhi ileile ndani ya miaka minane.

Njia ya kuunda wilaya au halmashauri mpya huanzia chini. Pendekezo hujadiliwa kwenye mikutano ya mitaa au vijiji, hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Likikubaliwa huenda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na hatimaye ofisi inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Vigezo vinavyoangaliwa ni pamoja na idadi ya watu, ukubwa wa eneo, idadi ya kata na uwezo wa kujiendesha. Njia hii ni ndefu, na halmashauri inayozaliwa mara nyingi huanza bila majengo wala mapato ya kutosha. Lakini inapofika mwisho, wakazi wanakuwa wamesikia habari zake ngazi kwa ngazi.

Njia ya eneo maalumu lenye wakala wake huanzia juu. Ni ya haraka zaidi: tangazo moja katika Gazeti la Serikali huweka mipaka, na amri nyingine huunda chombo. Inafaa pale penye mradi mkubwa unaovuka mipaka ya halmashauri moja. Udhaifu wake ni kwamba ushirikishwaji, kama haukufanywa kabla ya tangazo, hufanywa wakati watu wamekwishazuiwa kujenga, na mikutano ya maoni hugeuka kuwa mikutano ya malalamiko.

Ulinganisho na Dodoma

Tanzania iliwahi kutumia njia ya pili kwa muda mrefu mjini Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) iliundwa mwaka 1973, baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko. Ilipanga, ilipima na ilimilikisha ardhi kwa zaidi ya miaka 40, sambamba na halmashauri ya manispaa. Dodoma ilipata barabara pana na viwanja vilivyopangika kuliko miji mingi ya Tanzania. Hata hivyo wakazi walilalamikia bomoabomoa na muda mfupi wa umiliki: CDA ilitoa hati za miaka 33, wakati hati za miaka 99 zilikuwa za kawaida katika miji mingine.

Rais Magufuli aliivunja CDA tarehe 15 Mei 2017 na kuhamishia majukumu yake kwa Manispaa ya Dodoma. Kwa maeneo yote mawili, Dodoma na Kigamboni, mwisho ulikuwa mmoja: mamlaka ya kupanga ardhi ilirudi katika halmashauri yenye madiwani.

Hali ya baadaye

Kigamboni imeendelea kukua kwa njia za kawaida: viwanja vinavyopimwa na serikali na kampuni binafsi, nyumba za mashirika, na urasimishaji wa makazi ambao huruhusu wananchi kuchangia gharama za upimaji na kupata hati. Eneo hilo limo pia katika mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 2016 hadi 2036, unaohusu mkoa mzima.

Kazi iliyobaki ni ileile iliyotajwa mwaka 2008: kutenga njia za barabara, mifereji ya maji ya mvua, shule na maeneo ya wazi kabla nyumba hazijajaa. Kila mwaka unaopita, ardhi ambayo ingetengwa bure hugeuka kuwa ardhi ya kulipiwa fidia. Kwa upande wa wakazi, miaka ya kutojua kama watabaki au wataondoka iliacha tabia ya kutoamini upimaji wowote mpya. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaopanga maeneo kama hayo hulazimika kwanza kuwaonyesha watu mipaka, muda wa zuio na chombo kitakachowajibika, kabla ya kupigilia jiwe la kwanza la mpaka.